SDR++: sasa naona nilichozoea kusikia tu

Nimekaa baharini miaka 19 nikiwa afisa wa redio. Kazi hiyo haipo tena: GMDSS, mfumo wa kimataifa wa mawasiliano ya dhiki baharini, ulipokamilika Februari 1999, meli hazikulazimika tena kubeba mtu wa Morse. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiwekea SDR++, programu ya kusikiliza redio na kuona mawimbi yake kwenye skrini, katika kipakatalishi hapa Likoni, sikuichukulia kuwa mchezo wa watoto. Huu ni mwezi wa nne naifungua karibu kila usiku.

Programu ni ya bure, na inakubali Windows, Linux na Mac. Peke yake haipokei kitu. Inataka kidude cha USB, mfano wa flashi, chenye tundu la antena. Mimi natumia RTL-SDR, ambayo chipu yake ilitengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni. Antena nimejitengenezea kwa waya wa shaba, sentimita 46 kila upande, nikaisimamisha juu ya paa. Kwenye Windows kuna kikwazo kimoja mwanzoni: draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kidude, huwekwa kwa programu nyingine iitwayo Zadig, na ukichagua kifaa kisicho chako kwenye orodha yake unaweza kukifanya kipanya au kibodi kiache kufanya kazi. Soma jina la kifaa mara mbili kabla ya kubonyeza.

Sasa nije kwenye utamu wenyewe. Kule melini nilikuwa nazungusha kitufe polepole, sikio limebana hedfoni, nikitafuta. Meli ikiita upande mwingine wa masafa, siipati. Hapa MHz 2.4 nzima imelala mbele yangu kwa mpigo mmoja, kutoka 156 hadi 158.4. Juu kuna mstari unaotetemeka, chini yake rangi zinaporomoka kama mvua: bluu ni ukimya, na mtu akibonyeza kuzungumza, mchirizi wa njano unachomoza. Meli inaita kwenye kanali 16, yaani 156.800, kisha naona mchirizi umehamia 156.600, kanali 12. Jicho limefika kabla ya sikio. Tena unaweza kuongeza redio ya pili ndani ya programu hiyo hiyo, ukasikiliza kanali zote mbili kwa pamoja. Ningekuwa na kitu hiki enzi zangu, ningelala usingizi zaidi.

Waliyoyasema siwaambii. Tulifunzwa siri ya mawasiliano kabla ya kupewa vyeti, na kwangu mafunzo hayo hayajaisha muda. Nawe kabla ya kutega sikio kwa mawasiliano yasiyo ya umma, waulize Mamlaka ya Mawasiliano sheria inasemaje.

Kidude changu cha kwanza, nilichokipata kwa muuzaji wa mtandaoni, kilinitesa. Kanali 16 ilinitokea 156.808. Niliilaumu programu bure. Kumbe fuwele ya ndani ya kidude ilikuwa imekosea sehemu 50 katika kila milioni, na kwa masafa hayo kosa hilo linakaribia kHz 8. SDR++ ina kisanduku cha PPM (hizo sehemu katika kila milioni) cha kusahihisha. Ukiandika tarakimu, ishara inarudi mahali pake, ila kidude kikipata joto inahama tena. Ongeza shilingi kidogo ununue chenye fuwele ya TCXO, isiyoyumbishwa ovyo na joto. Hicho ndicho nilicho nacho leo, na kisanduku kile sijakigusa tena.

Kurekodi ni kuzuri ajabu, kwa sababu unaweza kuhifadhi masafa yote yanayoonekana, kisha kesho ukazunguka humo kana kwamba ni jana. Lakini diski italia: dakika moja inakula zaidi ya nusu gigabaiti.

Kwa masafa ya chini, chagua Direct Sampling (kusoma ishara ya antena moja kwa moja), na humo chaguo liitwalo tawi la Q, kama kidude chako kinaikubali. Zima pia chaja za simu na taa za LED za bei nafuu. Kelele zake hujaa kwenye skrini kama nyasi.

Huko chini ndiko iliko 500 kHz, yaliyokuwa masafa yetu ya dhiki enzi za Morse. Kila saa, kuanzia dakika ya 15 na ya 45, sote tulinyamaza dakika tatu ili aliye hatarini asikike. Juzi nilipeleka mshale hapo saa nne na robo usiku. Skrini ilikuwa bluu tupu. Nilikaa nayo dakika zote tatu, mkono mbali na kipanya.