Rangi mbili kwenye sindano: mistari au kuruka vitanzi?
Mistari ya safu mbili-mbili ndiyo rahisi kuliko zote: unafuma kila kitanzi, unabadilisha rangi pembeni bila kukata uzi. Kitambaa chake huvutika, kwa hiyo kwa sweta ya mtoto anayekua naipendelea mistari. Ila upande wa nyuma rangi huchanganyika kila zinapobadilishana.

Kuruka kitanzi kimoja (kukihamishia sindano ya pili bila kukifuma), kufuma kinachofuata, uzi ukiwa nyuma, huleta vinundu vizuri ajabu: kitanzi cha rangi ya chini hupanda juu ya rangi mpya. Kitambaa huwa kinene na chenye joto, lakini hula uzi zaidi na hubana. Tumia sindano nene kidogo. Kwa skafu ya baridi ya Limuru, uzi huo hauendi bure. Una mabaki tu? Fuma mistari.