Walimhesabu mtoto wangu wa tatu: uzoefu wangu wa kujaziwa kodi bure VITA

Naandika haya kwa wenzangu tuliotoka Nyarugusu na kambi nyingine za wakimbizi tukaletwa Marekani, hasa akina mama tunaolea watoto peke yetu. Mwezi wa pili mwaka 2025 nilijaziwa fomu za kodi ya mapato bure na watu wa VITA katika maktaba ya umma hapa Des Moines, Iowa. Nataka mjue ilivyokuwa, mazuri yake na usumbufu wake.

Mwaka uliotangulia nilimwendea mtu anayelipisha, kwa sababu anazungumza Kiswahili na yuko karibu na kiwanda cha nyama ninakofanya kazi. Alimaliza kwa dakika kumi na tano na kukata dola 380 kwenye pesa niliyorudishiwa na serikali. Nilimpa kadi za Social Security, zenye namba ya serikali ya kila mtu, za watoto watatu, akanirudishia moja. "Huyu si wako, mama, ni wa dada yako. Hawezi kuingia." Nikakubali. Dada yangu alifariki tukiwa kambini, na huyo binti nimemlea tangu hajajua kutembea. Ananiita mama mdogo, na mama mdogo ni mama. Ila nilidhani serikali ya huku haijui mambo hayo.

VITA ni mpango wa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, na una zaidi ya miaka 50. Wanaokujazia ni watu wa kujitolea waliofaulu mtihani wa IRS. Msimu ule walipokea watu wenye kipato kisichozidi takriban dola 67,000 kwa mwaka, pamoja na wenye ulemavu na wasiojua Kiingereza vizuri. Hawachukui hata senti.

Nilikwenda bila miadi, na hilo lilinigharimu. Niliingia saa tatu asubuhi theluji ikianguka, nikatoka saa nane na nusu mchana. Dada mmoja wa kanisani aliyepiga simu mapema alihudumiwa saa ileile aliyopangiwa. Kwa hiyo pigeni simu mwezi wa kwanza. Nafasi zinajaa haraka sana.

Aliyenihudumia alikuwa mzee mstaafu mwenye sauti ya chini. Hakugusa kompyuta kwanza. Alichukua karatasi ya maswali, akampigia mkalimani simu, akaweka spika mezani. Swali lake: nani aliishi nyumbani kwako mwaka jana, na kwa miezi mingapi? Nikataja watoto wawili, nikanyamaza. Akaiangalia kadi ya tatu pale mezani, akauliza, na huyu?

Mkalimani, kwa lafudhi ya Mombasa, akasema, "Anauliza kama huyu ni mpwa wako."

Nikamjibu si mpwa, ni mwanangu, mimi ndiye mama yake mdogo. Simu ikakaa kimya kidogo. Kisha yule mkalimani akaeleza kwa Kiingereza, maneno marefu kuliko niliyosema mimi. Mzee akafungua kitabu chao, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akausoma polepole ili utafsiriwe: mtoto wako wa kuzaa, wa kambo, ndugu yako, au mtoto wa ndugu yako, mradi ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Sheria yenyewe inamtaja mtoto wa dada! Nililia pale pale, siwafichi.

Kuna malipo yanaitwa EITC, kwa mtu anayefanya kazi na kipato chake ni kidogo. Kwa mwaka wa kodi wa 2024 kiwango cha juu kilikuwa dola 6,960 kwa mwenye watoto wawili na dola 7,830 kwa mwenye watatu au zaidi, kisha kinapungua kadiri mshahara unavyopanda. Iowa inaongeza asilimia 15 ya hicho unachopata. Juu yake kuna fedha za mtoto aliye chini ya miaka 17, mwaka huo hadi dola 2,000 kila mmoja. Kumwacha mtoto mmoja nje si jambo dogo.

Mzee akaomba karatasi za mwaka uliopita. Ukurasa wa pili, chini kabisa, mahali ambapo anayelipwa kujaza kodi anatakiwa kisheria kusaini na kuweka namba yake, palikuwa patupu, kana kwamba nilijaza mwenyewe. Akanieleza kwamba mwaka 2023 unaweza kurekebishwa kwa fomu ya 1040-X. Wakanijazia siku hiyohiyo. Tofauti ya serikali kuu peke yake ilikuwa dola 2,826.

Kabla sijasaini, binti mmoja kati ya wale wa kujitolea alikaa akapitia kila kitu upya kama vile hakuna aliyekwishafanya. Ndiye aliyegundua kwamba namba ya akaunti yangu ya benki ilikuwa na 6 na 9 zilizopishana. Hilo la kukaguliwa na mtu wa pili lilinifanya niwaamini kuliko kitu kingine chochote.

Mapungufu yapo. Jirani yangu mwenye nyumba ya kupangisha walimkatalia, kodi ya namna hiyo hawaifanyi. Wanandoa wanaojaza pamoja waje wote wawili kusaini. Na hakuna kupewa pesa kwa haraka: sheria inazuia marejesho yenye EITC hadi katikati ya mwezi wa pili, kwa hiyo anayekuahidi pesa kesho anakukopesha. Marekebisho ya 2023 yaliingia benki mwezi wa sita.

Bebeni kitambulisho chenye picha, kadi za Social Security za wote nyumbani, W-2 (karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa) za kazi zote, namba za benki na karatasi za mwaka uliopita. Kama unalea mtoto wa ndugu yako, ongeza barua ya shule yenye jina lake na anwani yako, pamoja na karatasi za UNHCR zinazoonyesha undugu wenu. Mzee aliniambia nizitunze, maana IRS inaweza kuziulizia. Namba ya kutafuta kituo cha karibu ni 800-906-9887. Na kama kuna mtoto aliyeachwa nje, kwa kawaida mna miaka mitatu tangu siku mliyojaza kuomba pesa yake.