Picha ya Runinga Inaganda? Nunua kwa Mpangilio Huu

Runinga ya kidijitali haina ile picha ya chenga ya zamani. Ama picha iko safi, ama inaganda, inakatika vipande vya mraba na sauti inarukaruka. Hapo ndipo watu wengi Nairobi na viungani mwake hukimbilia dukani kununua antena mpya, na wengi hutoa pesa kwa kitu wasichokihitaji. Hapa nimepanga vifaa kwa jinsi vinavyostahili pesa yako, kuanzia kile ambacho ningekushauri ununue kabla ya vingine vyote.

Kwanza fungua menyu ya king'amuzi, sehemu ya mawimbi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Tazama ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora ukawa chini, unachopokea ni mawimbi machafu, na kuyaongezea nguvu hakutayasafisha. Angalia pia ni stesheni zipi zimepotea. Citizen, NTV na KTN hurushwa kwa pamoja na kampuni ya urushaji iitwayo ADN, ilhali KBC iko kwa mrushaji mwingine, Signet. Likipotea kundi moja na jingine liko safi, usiilaumu antena upesi. Tafuta stesheni upya, na uulize jirani kama kwake pia zimepotea.

Nafasi ya kwanza naipa waya na konekta, ingawa hakuna anayekwenda dukani akiviwaza. Nunua waya wa antena ulioandikwa RG6, usikubali ule waya mwembamba unaokuja bure ndani ya kasha. Kwenye UHF, yaani masafa ambayo runinga hii hurushwa, hata mita 20 za RG6 nzuri hupoteza takriban desibeli 4, yaani zaidi ya nusu ya mawimbi yote yaliyokamatwa juu ya paa. Mwembamba hupoteza zaidi. Kisha fungua konekta uitazame kwa karibu: unyuzi mmoja tu wa ule wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati, mawimbi yamekufa hapo hapo. Shaba ikiwa imegeuka kijani, kata waya hadi ufike penye kung'aa ndipo ufunge konekta mpya. Mombasa na Pwani yote hili ni la lazima, kwa sababu hewa ya chumvi hula viungo haraka. Waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani, maji ya mvua yadondokee chini yasifuate waya hadi kwenye king'amuzi.

Ya pili ni antena ya Yagi ya nje, ile yenye vijiti kama mifupa ya samaki, isiyo na busta (kifaa cha kukuza mawimbi). Ifunge kwenye bomba, juu ya mabati, kamwe si chini yake, maana bati huzuia mawimbi. Upande wenye vijiti vifupi ndio uelekee mtambo wa kurushia matangazo. Kwa Nairobi mtambo uko Limuru, kwa hiyo aliye Kitengela aelekeze kaskazini-magharibi, na aliye Thika aelekeze magharibi, asifuate mjini. Vijiti vilale au visimame kama vya jirani mwenye picha safi. Ukiwa bondeni, bomba refu zaidi litakufaa kuliko antena ghali zaidi. Na usilipie zaidi kwa sababu kasha limeandikwa "dijitali". Antena ya UHF iliyofungwa kabla ya analojia kuzimwa mwaka 2015, ikiwa bado nzima, inafanya kazi ile ile. Panapohitaji kusoma kasha ni kwenye king'amuzi au runinga: paandikwe DVB-T2, jina la mfumo wa runinga ya kidijitali ya antena.

Busta ni ya tatu, kwa aliye mbali na mtambo au mwenye waya mrefu tu. Iweke karibu na antena, si nyuma ya runinga, kwa sababu huko nyuma itakuza na uchafu wote uliokusanywa njiani. Nyingi hutumia volti 5 kutoka kwenye king'amuzi, na umeme huo huwashwa kwenye menyu. Ukizimwa, hata busta mpya kabisa itaonekana mbovu. Aliye Kikuyu au Limuru kwenyewe asinunue busta, kwani mawimbi yakizidi king'amuzi hulemewa na picha huganda vile vile.

Antena ya ndani inamfaa mpangaji wa ghorofa za juu ambaye dirisha lake linatazama upande wa mtambo. Iweke kando ya dirisha, mbali na chaja na taa za LED.

Za mwisho ni zile zinazozungushwa kwa rimoti, na mimi sizipendekezi. Mtambo hauhami, kwa hiyo mota haina kazi, na ikikwama kwenye mvua antena hubaki imeangalia pasipo na mtambo. Kilomita zilizoandikwa kwenye kasha zake pia usizihesabu, kwa kuwa hazijui kilima kilicho kati yako na Limuru.