Baba wa kambo na talaka: aliyelea tu na aliyeasili

Huku Mombasa utasikia mtu asema "kwani nimemzaa mimi?" akishaachana na mamake mtoto, akikataa kumtunza yule mtoto aliyemkuta, lakini sheria ya Kenya haiishii hapo.

Aliyeasili, yani aliyemfanya mtoto wake rasmi kupitia korti, hana pa kutokea. Amri yatoka Mahakama Kuu, na ikishatoka yule mtoto ni wake kama wa kumzaa, mpeane talaka msipeane, karo na chakula na matibabu ni juu yake. Basi, hapo hakuna kesi ndefu.

Sasa huyu aliyelea tu bila makaratasi, hapo ndipo kwenye mavutano. Sheria ya Watoto ya 2022 yaipa korti nafasi ya kumuamrisha atoe matunzo kwa mtoto wa mkewe aliyemkubali kama wa familia, ila si otomatiki, hakimu pale korti ya watoto ya Tononoka ataangalia je alibeba jukumu kweli, kwa kiasi gani na kwa muda gani, alijua mtoto si wake, na kuna mwengine anayefaa kulipa? Yani aliyesomesha mtoto tangu nasari mpaka sekondari si sawa na aliyeoa juzi. Na babake wa damu pia hajapona, kifungu cha 53 cha Katiba chamshika hata kama hakumuoa mama.

Kwa Waislamu, fiqhi, yani sheria ya dini, yaweka nafaqa (matunzo) kwa baba mzazi, ndo maana wanaume wengine hupenda mambo yaishe kwa Kadhi.

Mimi naona kuasili kwamlinda mtoto zaidi, lakini kama hamkuasili, mama weka risiti za karo na mesej za M-Pesa.