Hadubini ya Mfukoni na Meno ya Simbilisi: Tathmini Kutoka Kisumu

Hadubini hii inayotoshea kiganjani, ambayo kasha lake linasema hukuza mara 60 hadi 120, niliinunua kwa shilingi 1,800 katika duka moja la Kisumu, nikitaka kujua kama mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyasoma meno kwa njia ya wachunguzi wa visukuku vya Rusinga na Songhor, magharibi mwa Kenya.

Enameli ya mamalia, lile tabaka gumu la nje ya jino, imefumwa kwa prizimu, yaani nyuzi za madini zenye upana wa takriban mikromita 5, ambazo katika meno mengi hupishana kwa mafungu na kuunda mikanda ya Hunter-Schreger. Nilikata gego la ng'ombe kutoka buchani, nikalisugua kwa msasa laini wa maji, nikalipaka maji ya limau kwa dakika moja, kisha nikalisuuza. Mikanda ilijitokeza, myeupe kwa myeusi, na nilipohamishia tochi upande wa pili ikabadilishana rangi: kumbe weusi ule ni mwelekeo wa nyuzi, wala si uchafu. Nilifurahi mno.

Kazi ngumu ilikuwa kwa wagugunaji, yaani panya na jamaa zake. Katika mpangilio alioutoa mtafiti Korvenkontio mwaka 1934, meno yao ya mbele hutofautishwa kwa unene wa mikanda: ya panya wa nyumbani ina unene wa prizimu moja tu, ilhali ya simbilisi, nungunungu na ndezi ina prizimu kadhaa. Ufanano huo ni mojawapo ya hoja zinazomuunganisha simbilisi, mwenye asili ya Amerika Kusini, na ndugu zake wa Afrika, na ndiyo maana hata kipande cha jino la Paraphiomys, jamaa wa ndezi aliyetoweka, kina la kusema pasipo fuvu. Katika jino la simbilisi wangu aliyekufa niliiona mikanda, ingawa hafifu. Katika la panya sikuona kitu, kwani hapo panahitajika hadubini yenye nguvu zaidi.

Kasoro kubwa ni taa yake, ambayo humulika wima na kuufuta mpishano wa vivuli. Izimeni, mtumie tochi ya pembeni.

Kwa bei hii naipendekeza kwa shule, mradi meno yatoke buchani. Visukuku vinalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi, na tindikali ya limau ikishakula jino la kale, haliponi tena. Ijaribuni kabla ya kulipa, maana ya kwanza niliyopewa ilikuwa na lenzi yenye ukungu, ikanibidi nirudi kesho yake kubadilishiwa.