Mashine mbili, taa tatu: uzoefu wangu wa kurudisha mwanga kwenye mashine za zamani za kukuzia picha

Nina mashine mbili za kukuzia picha, zile zinazopitisha mwanga kwenye negativu ya filamu na kuitupa picha, ikiwa kubwa, juu ya karatasi, na zote zimenizidi umri. Ya kwanza ni ya kondensa, yaani lenzi nene za kukusanya mwanga juu ya negativu, inatumia balbu nyeupe kama maziwa ya wati 75 yenye kitako cha kuzungusha cha E27. Ya pili ina kichwa cha rangi, chenye filta za rangi ndani na balbu ndogo ya halojeni ya volti 12 na wati 100. Ziligoma karibu kwa wakati mmoja: balbu ya kwanza iliungua, ya pili ikawa inapepesa kila nikigusa kichwa. Nilidhani natafuta mwanga mkali tu. Rundo la karatasi lilikwisha kabla sijaelewa kwamba ukali ndio jambo rahisi kuliko yote. Kazi iko kwenye kuueneza mwanga sawasawa, na kuupata wa rangi ambayo karatasi inaielewa.

Kabla ya taa, waya. Nilipofungua kichwa cha ile ya kondensa, ganda la waya lilimeguka vidoleni kama jani kavu. Limepikwa na joto la balbu miaka na miaka. Ethi hakuna, mwili mzima ni chuma, na chumba cha giza ni mahali pa maji na dawa. Niling'oa waya zote, nikaweka zenye ganda la silikoni linalostahimili joto, nikafunga ethi kwenye skrubu ya mwili na kuhakikisha kwa mita. Baadhi ya mashine za zamani zina kikinga joto cha asbesto karibu na balbu. Ukikuta kitu cha kijivu chenye nyuzinyuzi, usikikwangue wala usikipulize. Yangu ilikuwa na bati tupu, nikashusha pumzi.

Taa ya kwanza niliyojaribu ni balbu ya LED ya kawaida, ile ya kuwashia sebuleni, wati 9, yenye kofia nyeupe ya maziwa. Inaingia kwenye holda ileile bila fundi wala bisibisi. Ukitazama ubaoni, mwanga unaonekana safi kabisa, lakini jicho ni shahidi mbaya hapa. Nilitoa negativu, nikafunga tundu la lenzi hadi f/8 (namba ikikua, tundu hupungua), nikachapa karatasi nzima ya kijivu hafifu. Kijivu hicho kilinisema vibaya: katikati kumeiva, pembe mbili zimepauka.

Sababu ni umbo. Kondensa huuchukua mwanga kutoka mahali maalumu na kuupeleka kwenye lenzi. Balbu ya zamani ilikuwa tufe linalong'aa karibu pande zote. Hii ya LED nusu yake ni plastiki isiyotoa mwanga, na sehemu inayowaka imekaa mahali tofauti na pale mtengenezaji wa mashine alipopakusudia. Basi nikawa nashusha na kupandisha fimbo ya holda milimita chache chache, nachapa kijivu, naosha, natazama. Karatasi ya tano ndiyo iliyotulia. Ukichagua balbu, epuka yenye maandishi kileleni, kwa sababu kondensa inaweza kuyatupa kwenye picha kama kivuli.

Faida yake niliiona siku hiyohiyo: joto limekwisha. Kwa balbu ya zamani filamu ilikuwa ikijikunja baada ya sekunde kadhaa na fokasi inahama, hata nilizoea kuipasha negativu kwanza ndipo nirekebishe lenzi. Kwa LED filamu inalala ilivyolazwa.

Kasoro nayo niliiona wiki hiyohiyo. Balbu nyingi za LED zina kapasita ndani, inayoendelea kuilisha taa kidogo baada ya swichi kukatwa. Kuna jaribio rahisi: nusu ya karatasi ipe sekunde 10 mfululizo, nusu nyingine sekunde 1 mara 10. Kwangu nusu ya pili ilitoka nyeusi zaidi, maana yake kila ukizima unalipia mwanga wa ziada. Halafu usiku mmoja, macho yakiwa yamezoea giza, niliona balbu inawaka kama kaa linalofifia ilhali taima imezimwa! Taima yangu ilikuwa inavujisha umeme kidogo hata ikiwa imekata, umeme ambao balbu ya wati 75 isingeushtukia, lakini LED inaridhika nao. Karatasi niliyoiacha chini ya lenzi huku nikitafuta kibano ilikuwa imeshaingia ukungu, yaani kijivu cha mwanga uliovuja. Muuzaji aliniambia balbu zote ni sawa. Si sawa: nilinunua ya aina nyingine ikazima papo hapo, bila mkia.

Tatizo ambalo balbu mpya haikuliondoa ni rangi. Karatasi ya kontrasti badilifu, ambayo tofauti yake ya weusi na weupe hubadilishwa kwa rangi ya mwanga, husikia buluu na kijani. Ukiipa kijani zaidi inatoa picha laini, ukiipa buluu zaidi inatoa picha kali. Ndiyo maana filta ya manjano, inayozuia buluu, hulainisha, na magenta, inayozuia kijani, hukaza. Filta hizo zilipangwa kwa mwanga wa balbu ya waya wa tangsteni. LED nyeupe ni chipu ya buluu iliyopakwa fosfori, unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa rangi nyingine: ina kilele chembamba karibu na nanomita 450, kisha bonde, kisha kilima kipana cha kijani na njano. Nilipohama gredi 2 kwenda 3 (gredi ni kipimo cha kontrasti, kubwa ndiyo kali), jedwali la muda lililokuja na filta likawa la kubahatisha. Muda wenyewe ulifupika mno, kwani negativu iliyokuwa ikitaka sekunde 18 ilitosheka na 6, na sekunde 6 hazitoshi kukinga uso wa mtu kwa kipande cha kadibodi kwa utulivu. Nilifunga lenzi hadi f/11 nikaendelea hivyo miezi miwili. Kwa anayechapa mara moja moja, balbu hii inatosha na sitamcheka.

Halojeni sina hadithi ndefu. Wati 100 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 8, na ampea 8 zikipita kwenye soketi iliyolegea na kushika kutu hutengeneza joto, joto linaongeza kutu, mpaka miguu ya balbu inaungua. Balbu yangu ilikuwa nzima kabisa, soketi ndiyo iliyokufa. Nilibadilisha soketi ya kauri na vipande vya waya vilivyoungua, nikashika balbu kwa karatasi laini (mafuta ya vidole huharibu kioo chake kikipata moto), ikawaka. Nilishawishika kuweka kidude cha LED chenye miguu kama hiyo, nikaacha. Kioo cha kuakisi kilicho nyuma ya balbu kimekunjwa kufuata mahali waya unapowaka, na kwa karatasi za rangi mwanga wa halojeni, usio na mabonde kati ya rangi, bado ndio rafiki wa filta za kichwa kile.

Taa ya tatu ndiyo iliyobaki kwenye mashine ya kondensa, ingawa kondensa zenyewe sasa ziko kabatini. Nilitengeneza paneli ya sentimita 10 kwa 10: chipu za buluu za nanomita 450 na za kijani za 525, zimepangwa kama draft, moja buluu moja kijani, juu ya bati nene la alumini la kunyonya joto. Chini yake plastiki nyeupe ya maziwa. Mara ya kwanza niliiweka plastiki sentimita 1 kutoka kwenye chipu, na ile karatasi yangu ya kijivu ikatoka na madoadoa kama kanga. Niliisogeza hadi sentimita 4, nikabandika karatasi nyeupe kwenye kuta za kisanduku, madoa yakapotea. Kijani niliongeza chipu, kwa sababu karatasi inakisikia kwa uvivu kuliko buluu.

Sihitaji filta tena, wala dima ya kupunguza mwanga. Nawasha kijani sekunde kadhaa, kisha buluu sekunde kadhaa, na uwiano wa hizo mbili ndio gredi. Anga iliyopauka naiongezea kijani peke yake, nywele zilizokosa weusi naziongezea buluu. Fokasi napata kwa kijani, maana buluu hii jicho linaiona hafifu hata kama karatasi inaiona kali. Niliongeza pia chipu nne nyekundu kwenye pembe, za kupangia karatasi picha ikiwa inaonekana ubaoni.

Tofauti nyingine inatokana na mwanga kusambaa. Kondensa hupeleka mwanga wenye mwelekeo mmoja, chembe za fedha kwenye negativu huutawanya, na kontrasti hupanda. Mtafiti Callier alilieleza jambo hili mwaka 1909. Kwa paneli picha zangu zilishuka karibu nusu gredi, ila mikwaruzo na vumbi vilivyokuwa vikinilazimu kushika brashi na wino kwa saa nzima vimepungua sana. Wapo wanaopenda ule ukali wa kondensa na sina ugomvi nao. Mimi nina negativu za urithi zilizokwaruzwa, kwangu hesabu ni nyepesi.

Kwa kuwasha, pawasapulai naiacha hewani muda wote, taima inaamuru rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokata upande wa volti ndogo. Kabla ya hapo nilikuwa nawasha pawasapulai yenyewe, ikawa inachelewa karibu nusu sekunde, na si kila mara kwa kiasi kilekile. Feni niliyoifunga juu ya bati nimeitoa. Ilikuwa inatetemesha nguzo, ukingo wa herufi kwenye picha za mabango ukawa na kivuli, na bati lenyewe baada ya saa mbili za kazi ni la vuguvugu tu.