Programu ya kupangia picha: kabla ya kulipa, uliza nyota zako zinalala wapi

Mwaka jana nilipiga harusi Chake Chake, siku tatu, picha 2,340. Wiki nzima nikakaa nazipa nyota, nzuri nyingi na mbovu chache, na kuandika kila shughuli kwa jina lake: singo, nikaha, kutoa nje, bi harusi na somo wake. Kisha laptopu ikafa. Picha zenyewe zilikuwa salama kwenye diski ya nje. Nyota, majina na marekebisho ya rangi vyote vikaenda na laptopu. Mama wa bi harusi akapiga simu: "Mwanangu, mbona kimya?" Nikaanza upya, picha ya kwanza.

Kwa hiyo wepesi wa programu na uzuri wa rangi siviandiki. Naangalia hili tu: ukichukua folda ukaifungua kwenye kompyuta nyengine, kazi yako imo?

Ya kwanza, na mapenzi yangu siyafichi, ni Capture One. Ina katalogi, yaani daftari moja la picha zako zote, na ina seshen, ya kazi moja moja. Wewe chagua seshen. Kila harusi inakuwa na folda yake, na penye picha programu inajiwekea kijifolda kiitwacho CaptureOne. Humo ndimo zinamokaa nyota na marekebisho. Nakili folda nzima kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyengine. Tangu nianze hivi, umeme ukikatika sishtuki tena.

Ya pili, Lightroom Classic. Kwa kupanga ni hodari, hata nyuso inazitambua. Lakini kazi yako yote inaandikwa kwenye faili moja la katalogi, ambalo kwa kawaida hukaa kwenye diski ya ndani. Na ile nakala ya akiba ya katalogi unayoulizwa unapofunga programu, usipobadili mahali pake, inalala pembeni ya katalogi hiyo hiyo. Diski ikifa, vimekufa vyote viwili! Halafu akiba hiyo haina picha ndani yake, wengi wanadhani inazo. Kama unayo tayari, leo hii ingia kwenye mipangilio ya katalogi, washa uandishi wa XMP, yaani vijifaili vya maelezo ya picha. Nyota, maneno na marekebisho yatakaa kwenye kijifaili kando ya kila picha ya RAW, ile picha ghafi inayotoka kwenye kamera. Makundi uliyoyapanga hayatoki. Hayo yanabaki kwenye katalogi. Na baada ya Lightroom 6 ya mwaka 2015 hakuna tena toleo la kununua mara moja, ni kulipia muda kwa muda, na sisi tunalipwa kwa shilingi.

Za bure: darktable inaandika XMP yenyewe bila kuombwa, digiKam nayo inafaa kwa kupanga.

Kinachoniuma zaidi ni muuzaji wa Darajani aliyeniuzia laptopu ile. Alinitoza shilingi 150,000 juu ya bei ya laptopu kwa programu iliyovunjwa leseni, akaniapia kuwa ni halali. Nilipomrudia na laptopu mkononi, akaniambia niongeze elfu thelathini anitilie nyengine.